Pai ya Matufaha Tabora: Kuioka kwa Mkaa au Oveni, na Namna Zake Nyingine

Pai ya matufaha huharibikia chini. Juu inaweza kuwa imepata rangi nzuri na mdalasini unanukia hadi kwa jirani, lakini ukikata kipande ukakuta ganda la chini jeupe, limelowa na kugandamana na bati, kazi ya asubuhi nzima imepotea. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye mambo matatu: ubaridi wa mafuta, maji ya tunda, na moto wa chini. Mengine ni mepesi na nitayapita haraka.

Nimeandika nikizifikiria jikoni za Tabora. Wengi wetu hatuna oveni. Tunaoka kwa mkaa, moto juu na moto chini. Oktoba joto la mchana linapita nyuzi 30 na siagi haisimami mezani. Matufaha nayo tunayanunua moja moja, kwa hiyo pai nzima ni gharama, na inastahili kufanywa kwa uangalifu.

Pai yenyewe ni ya zamani. Waingereza waliandika namna ya kuipika tangu karne ya 14, na mapishi yao ya wakati huo yalikuwa na matufaha, tini, zabibu kavu, peasi na zafarani, bila sukari. Utamu ulitoka kwenye matunda makavu. Baadaye walowezi kutoka Ulaya walivuka na mbegu na miche ya matufaha hadi Marekani, ambako leo pai hiyo inahesabiwa kuwa chakula cha taifa. Nalitaja hili kwa sababu linatupa ruhusa. Watu waliianza pai kwa utamu waliokuwa nao nyumbani, na sisi huku tuna asali na maembe.

Kuchagua matufaha

Epo nyingi (ndiyo matufaha yenyewe) zinazofika sokoni Tabora zinatoka Afrika Kusini kupitia Dar es Salaam. Zile nyekundu zenye ngozi nene zinavutia macho na ni tamu kuzila hivihivi, lakini zikipikwa zinalegea kuwa uji na hazina ukali wa kushindana na sukari. Za pai ni zile za kijani, aina ya Granny Smith, iliyoanzia Australia karne ya 19 kwenye shamba la Maria Ann Smith karibu na Sydney. Ni kali, ni ngumu, na vipande vyake hushika umbo hata baada ya saa nzima motoni. Ukikosa za kijani za kutosha, changanya: 4 za kijani na 3 nyekundu, kisha ongeza maji ya limao.

Yapo pia matufaha ya kwetu, ya Makete na Lushoto. Ukiyaona, yanunue. Mara nyingi ni madogo na yana makovu kwenye ngozi, lakini yana ukali ambao pai inautaka.

Chukua tufaha mkononi kabla ya kulipa. Liwe zito kuliko linavyoonekana, na ukilibonyeza karibu na kikonyo lisibonyee. Yaliyoshinda juani stendi yameshapoteza maji na ukali, waachie wasafiri.

Vitu vinavyohitajika

Hivi ni vya pai moja ya upana wa sentimita 23, inayotoa vipande 8.

Vya ganda:
- Unga wa ngano gramu 320, karibu vikombe 2 na nusu. Usiwe ule uliokwisha kutiwa beking pauda.
- Siagi ya maziwa gramu 150
- Mafuta ya mgando gramu 75
- Chumvi kijiko 1 cha chai
- Sukari kijiko 1 cha chakula
- Maji ya barafu vijiko 6 hadi 8 vya chakula

Vya ndani:
- Matufaha kilo 1 na robo, yaani 7 au 8 ya ukubwa wa kati
- Sukari gramu 150, robo tatu ya kikombe
- Maji ya limao vijiko 2 vya chakula
- Mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai
- Kungumanga ya kukwaruza, robo kijiko cha chai
- Chumvi kidogo
- Wanga wa mahindi vijiko 2 na nusu vya chakula
- Siagi gramu 30
- Yai 1 na maziwa kijiko 1, vya kupaka juu

Nachanganya siagi na mafuta ya mgando kwa sababu ya hali ya hewa yetu. Siagi ya maziwa ndiyo yenye ladha, lakini huanza kulegea mapema, na ikifika nyuzi 32 hadi 35 imeyeyuka kabisa. Mafuta ya mgando yanavumilia zaidi, na yanakupa dakika kadhaa za kufanya kazi bila haraka. Kama majarini ya kopo ndiyo uliyonayo, iweke kwanza kwenye friza hadi iwe ngumu ya kukatika kwa kisu, punguza chumvi kwenye unga, na anza na maji vijiko 4 tu, maana yenyewe ina maji na chumvi ndani. Ganda litakuwa zuri ila tabaka zake zitakuwa chache.

Ndugu zetu wa Kigoma huuliza kuhusu mawese. Kwa maharage na migebuka sina cha kubishana, lakini kwenye pai rangi na ladha yake vinalimeza tufaha lote. Yaacheni kwa mboga.

Ukikosa wanga wa mahindi, unga wa muhogo mweupe uliochekechwa vizuri unafanya kazi ileile. Unuse kwanza. Wenye harufu ya kuvundikwa haufai hapa.

Ganda: mikono ya chapati isubiri

Fanya donge alfajiri. Juni na Julai asubuhi ya Tabora ina ubaridi wa kutosha hata bila friji. Septemba na Oktoba utahitaji barafu: nunua mfuko mmoja kwa wanaouza, uvunje ndani ya beseni, na uweke bakuli la unga juu ya barafu hiyo muda wote unaofanya kazi. Hata kifimbo cha kusukumia kinaweza kukaa juu ya barafu.

Changanya unga, chumvi na sukari. Kata siagi na mafuta ya mgando vipande vya ukubwa wa kete ya bao, vitie ndani ya unga, kisha vivunjevunje kwa ncha za vidole ukiviviringisha na unga. Tumia ncha tu, kwa sababu kiganja kina joto. Acha vipande vingi vikiwa vya ukubwa wa punje ya maharage. Usitafute ulaini. Vipande hivyo vya mafuta vikikaa vizima hadi vifike motoni, huyeyuka na kuacha mianya, maji yaliyomo kwenye siagi yanageuka mvuke, na mvuke unanyanyua unga kuwa tabaka. Vikiyeyuka mapema mikononi mwako, unga unayanywa mafuta na unapata ganda gumu la biskuti.

Nyunyizia maji ya barafu kijiko kimoja kimoja huku ukigeuza kwa uma. Baada ya kijiko cha 6, bana unga kidogo mkononi. Ukishikana, acha. Ukimomonyoka, ongeza kimoja. Ukishaanza kunata vidoleni umepitiliza, nyunyiza unga kidogo na uendelee.

Sasa, mkono uliozoea chapati utataka kukanda. Uzuie. Chapati inataka donge lililokandwa hadi likavutika. Ganda la pai linataka donge lililokusanywa tu, lenye mabaka ya mafuta yanayoonekana kwa macho. Ukilikanda litavutika, na likivutika litasinyaa motoni na kuwa gumu kwenye meno. Likusanye, ligawe mafungu mawili, moja liwe kubwa kidogo kwa ajili ya chini. Yabonyeze yawe bapa, yafunge kwenye mfuko wa plastiki safi, na uyaweke kwenye friji au juu ya barafu kwa saa 1.

Maji ya tunda

Tufaha sehemu kubwa ni maji, na sukari huyavuta maji hayo yatoke. Ukiyapanga matufaha mabichi na sukari ndani ya ganda moja kwa moja, maji yote yatatokea ndani ya pai, na yatakwenda chini. Hii ndiyo sababu kubwa ya ganda kulowa, na dawa yake ni kuyatoa maji hayo kabla.

Menya matufaha, yakate robo, ondoa moyo na mbegu, kisha kila robo uikate vipande vyembamba vya unene wa nusu sentimita. Vilingane, ili viive pamoja. Vitie limao haraka, maana tufaha lililokatwa hubadilika kuwa kahawia likikaa kwenye hewa. Ongeza sukari, mdalasini, kungumanga na chumvi, changanya kwa mikono, na uache saa 1 nzima. Ukirudi utakuta vipande vimelegea na maji yamejaa chini ya bakuli.

Mimina vyote kwenye chujio juu ya sufuria ndogo, ukitikisa ili maji yashuke. Yatakuwa nusu kikombe au zaidi. Tia siagi gramu 30 ndani ya maji hayo na uyachemshe kwa moto wa wastani hadi yapungue na kuwa shira nzito, kama theluthi ya kikombe. Usiondoke jikoni, shira ikikaribia kuwa tayari huungua ghafla. Iache ipoe. Harufu yote iliyotoka kwenye tufaha imo humo, na unairudisha ndani ya pai bila yale maji.

Changanya wanga wa mahindi na vipande vya tufaha hadi kila kipande kiwe na ukungu mweupe, kisha mimina shira iliyopoa. Kuna faida nyingine ya kulilegeza tufaha mapema: limeshanywea, kwa hiyo halitaacha pango kubwa kati ya tunda na ganda la juu baada ya kuiva.

Kupanga

Chukua bati la kuokea, jembamba, la aluminiamu au chuma. Bakuli la kioo au la udongo linachelewa kupata moto, na chini ndiko tunakohitaji moto ufike mapema.

Nyunyiza unga kwenye kibao cha chapati, weka donge kubwa, na usukume kutoka katikati kwenda nje, ukiligeuza robo mduara kila mara ili lisigande. Likikataa kidogo mwanzoni, usiligombanie. Subiri dakika 5. Lisukume hadi unene wa milimita 3, lipite upana wa bati kwa vidole viwili kila upande. Likunje mara mbili, lihamishie katikati ya bati, likunjue, kisha literemshe kwenye kona bila kulivuta. Ganda lililovutwa litarudi lilikotoka mara tu likipata moto.

Paka chini ya ganda ute wa yai kidogo na uache ukauke dakika chache. Panga matufaha yakiwa yamebanana, yainuke katikati. Sukuma donge la pili, lifunike, kata kingo zibaki kidole kimoja nje, zikunje kuingia ndani na uzibane kwa uma kuzunguka. Toboa mikato 4 au 5 katikati ya ganda la juu ili mvuke upate njia. Paka yai lililopigwa na maziwa, nyunyiza sukari kidogo. Kama kuna friji, irudishe dakika 20 wakati moto unakolea.

Ukipenda ganda la juu la mikeka kama wafanyavyo Waholanzi, kata donge vipande virefu vya upana wa vidole viwili na uvisuke. Inapendeza, na mvuke unatoka vizuri zaidi.

Moto wa mkaa

Mwenye oveni ana kazi fupi: iwashe mapema, weka pai trei ya chini kabisa, nyuzi 220 kwa dakika 20, kisha punguza hadi 190 kwa dakika 35 hadi 45.

Mkaa unataka umakini zaidi, na hapa ujuzi wa kuoka keki unaweza kutupotosha. Keki tunaiwekea makaa mengi juu na machache chini. Pai inaanza kinyume chake. Ganda la chini lina uzito wa kilo nzima ya tunda juu yake, na lisipopata moto mkali mapema, shira itafika kabla halijakaza.

Tafuta sufuria kubwa nene ambayo bati la pai linaingia na kubaki na nafasi pande zote. Tandaza ndani yake mchanga mkavu, uliooshwa na kuchekechwa, kina cha kidole kimoja tu. Mchanga wenye unyevu utatoa mvuke na ganda halitakauka, kwa hiyo uanike siku moja kabla. Funika kwa mfuniko bapa wa bati au sinia la zamani. Kati ya pai na mfuniko kuwe na nafasi ya vidole vinne, la sivyo juu itaungua kabla ndani haijaiva.

Fanya kazi hii nje au barazani penye hewa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa ni hatari hata kama moshi hauonekani.

Washa mkaa hadi wote uwe umeshika na kupata majivu meupe. Weka sufuria yenye mchanga juu ya jiko, ikiwa imefunikwa na makaa machache juu ya mfuniko, kwa dakika 20. Kisha pima: weka kipande kidogo cha bati juu ya mchanga, nyunyiza unga kidogo juu yake, funika. Ukigeuka kahawia ndani ya dakika moja hivi, moto uko sawa. Ukiwa mweusi hapohapo, funga mlango wa jiko kidogo. Ukibaki mweupe, ongeza mkaa na usubiri.

Moto ukiwa sawa, weka bati la pai juu ya mchanga na ufunike. Dakika 20 za kwanza, moto wa chini uwe mkali na wa juu uwe wa kuzuia ubaridi tu. Baada ya hapo funga mlango wa jiko nusu, toa makaa kadhaa kutoka chini na uyahamishie juu ya mfuniko, uyasambaze zaidi pembeni kuliko katikati. Endelea dakika 35 hadi 45. Usifunue kila mara. Kila ukifunua, joto linatoka na majivu yanaingia. Funua mara ya kwanza dakika ya 25 ya awamu hii ya pili, ukiwa umefuta majivu pembeni mwa mfuniko.

Pai imeiva pale unapoona shira nzito ikitokota polepole kwenye ile mikato ya juu, na matone yake yanang'aa. Usiamini rangi peke yake. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na wanga hauwezi kukaza vizuri mpaka katikati ya pai pachemke kwelikweli. Ukiona mchemko kwenye mikato, hesabu dakika 5 zaidi ndipo uipue. Juu ikipata rangi mapema, ifunike kwa karatasi ya foili na uendelee.

Ipoe saa 3 kamili, ikiwa imeinuliwa juu ya wavu au vijiti viwili ili hewa ipite chini yake. Ukiikata ya moto, shira itamwagika, na ganda la chini ulilolihangaikia litalowa mbele ya macho yako. Wageni wapewe chai kwanza.

Pai iliyopoa inakaa siku 2 kabatini ikiwa imefunikwa kwa kitambaa safi, au siku 4 kwenye friji. Kuipasha, weka kipande kwenye kikaango kikavu cha chapati, funika, moto mdogo wa mkaa, dakika 10.

Pai ya kupindua

Kama unaoka kwa mkaa na hujawahi kuoka pai, anza na hii. Ni ya Ufaransa, na jina lake linatokana na dada wawili wa ukoo wa Tatin waliokuwa na hoteli mji wa Lamotte-Beuvron mwishoni mwa karne ya 19. Tunda linakaa chini na ganda linakaa juu peke yake, kwa hiyo lile tatizo la ganda la chini halipo kabisa, na moto wa juu tuliouzoea kwenye keki unafaa hapa.

Chukua sufuria fupi pana isiyo na mikono. Yeyusha sukari gramu 120 bila maji kwa moto mdogo hadi iwe ya kahawia, ipue, tia siagi gramu 60 kwa uangalifu maana itarusha. Panga matufaha 6 yaliyokatwa robo, mgongo ukiangalia chini, yabanane sana. Rudisha jikoni dakika 15, hadi ile sukari iwe nzito na vipande vimeanza kulegea. Ipue ipoe kidogo, funika kwa donge moja tu (nusu ya vipimo vya ganda), kingo uzichomeke ndani, toboa tundu moja katikati. Oka kwenye mchanga wa moto, makaa mengi juu, dakika 30 hadi 35. Ikishatoka, subiri dakika 10, weka sinia juu, pindua kwa mara moja, kwa mikono imara. Ukisubiri hadi ipoe kabisa, sukari itagandamana na sufuria.

Pai ya embe

Kuelekea mwisho wa mwaka maembe ya Tabora yanajaa hadi yanaoza chini ya miti, na hakuna sababu ya kununua tufaha lililosafiri maelfu ya kilomita. Lakini usichukue embe lililoiva. Chukua lililokomaa, gumu, ambalo ndani limeanza kuwa la manjano lakini kisu bado kinasikia upinzani. Likiwa hivyo lina ukali na ugumu wa Granny Smith, na likishapikwa na mdalasini watu wengi hudhani wanakula tufaha. Dodo ni zuri zaidi kwa sababu nyama yake ni nyingi. Yale ya kienyeji yenye nyuzi yatakwama kwenye meno.

Vipimo ni vilevile: kilo 1 ya vipande vilivyomenywa. Onja kipande kibichi kabla ya kuweka sukari, maana maembe yanatofautiana ukali. Likiwa kali sana sukari ifike gramu 200 na limao uliache. Saa 1 ya kutoa maji ibaki palepale. Badala ya kungumanga tumia iliki. Embe na iliki vinapatana sana. Nanasi nalo linawezekana, ila lina maji mengi mno. Lipike kwanza na sukari hadi likauke, ndipo ulitie ndani ya ganda.

Asali badala ya sukari

Asali ya misitu ya miyombo, ya Sikonge au Urambo, ina rangi nzito na ladha ya moshi kidogo inayopatana na tufaha kuliko sukari yoyote. Ni tamu kuliko sukari, kwa hiyo gramu 110 zinatosha badala ya 150. Yenyewe ina maji pia, kwa hiyo shira uichemshe muda mrefu zaidi, na wanga uongeze nusu kijiko. Asali huungua haraka motoni, hivyo awamu ya pili ya kuoka punguza makaa ya juu na uwe na foili tayari. Ongeza zabibu kavu kiganja kimoja na utakuwa umekaribia yale mapishi ya kale ya Waingereza.

Asali ya nyuki wadogo usiiweke kwenye pai. Ni nyepesi, ni ya bei, na ladha yake inapotea motoni.

Chenga za karanga

Hii ni ya siku ambayo huna muda wa kusukuma ganda la juu. Changanya unga gramu 120, sukari gramu 80, karanga za kukaanga zilizotwangwa nusunusu gramu 70, chumvi kidogo na siagi baridi gramu 90. Vunjavunja hadi ziwe chenga, mwaga juu ya matufaha, oka. Waingereza huzitandaza juu ya tunda bila ganda la chini kabisa, na hilo nalo ni jibu.

Vipai vya kukaanga

Majimbo ya kusini mwa Marekani wana pai ndogo za kukaanga, na mkono uliozoea sambusa unaziweza siku ya kwanza. Kwa hizi tunda lipikwe kabisa: vipande vidogo, sukari, limao, mdalasini, vyote sufuriani hadi vikauke na kijiko kikipita kiache njia. Vikipoa ndipo vifungwe. Tunda lenye maji litapasua ganda ndani ya mafuta, na mafuta ya moto yakirukiana na maji ni hatari.

Tengeneza nusu ya donge lile la ganda, lakini mafuta ya ndani yapungue hadi gramu 60 kwa unga gramu 160, ili lisimomonyoke kwenye karai. Sukuma miduara ya upana wa kisahani, weka kijiko kimoja na nusu cha tunda upande mmoja, lowesha kingo, kunja, bana kwa uma pande zote mbili. Viache dakika 15 kwenye ubaridi. Mafuta ya kukaangia yawe na kina cha vidole vitatu na moto wa wastani; kipande kidogo cha donge kikitumbukizwa kielee na kuanza kuchemka hapohapo bila kuungua. Kaanga vitatu vitatu, dakika 3 kila upande, uvitoe kwenye chujio visimame wima ili mafuta yachuruzike. Kama ni vya kuuza, vifunge usiku, viweke kwenye friji, na uvikaange asubuhi ileile ya kuvipeleka.